Shoka la Mjomba Halijapata Mpini

Kwanza mnisamehe tahajia. Mwandiko nao mnisamehe, ingawa nyinyi hamtauona. Atakayeuona ni dada wa kanisani aliyekubali kunichapia, na yeye nimeshamwomba radhi uso kwa uso, jambo ambalo kwangu ni gumu kuliko kuandika. Mkono wangu wa kulia ni mkono wa nyundo. Ukishika kalamu unaibana kama koleo, na herufi zinatoka zimepondeka. Lakini nisiisingizie nyundo bure. Mwalimu wangu wa darasa la tatu alisema daftari langu linafanana na mahali walipopigana kuku, na wakati huo nilikuwa sijashika nyundo yoyote. Niliishia darasa la saba. Naandika polepole, sentensi moja kwa kikombe kimoja cha chai, kwa hiyo haya mtakayoyasoma upesi yamenimalizia majani mengi.

Naandika kwa sababu nataka kuoa, na ndoa yangu imekwama kwenye kipande cha mti.

Siku za wiki nafanya kazi Shakopee, hapa Minnesota, Marekani, kwenye ghala kubwa, ambako kazi yangu ni kuhamisha maboksi kutoka mahali yalipo kwenda mahali ambapo mtu mwingine atayahamisha. Jumamosi niko Saint Paul, kwenye karakana ya mhunzi mmoja, mzee Mzungu mwenye mabega mapana na maneno machache. Nyumbani nilijifunza kuchomelea mageti kwa fundi wa mtaani kwetu, na mzee huyu alinijaribu kwa kunipa nyundo na kipande cha chuma chekundu, akakaa kuniangalia. Nilipomaliza akasema, "Si vibaya sana." Nilirudi nyumbani nimenyong'onyea, nikakaa wiki nzima nikisubiri kuambiwa nisirudi. Baadaye ndipo nilipoelezwa kwamba katika jimbo hili hakuna sifa iliyo juu ya hiyo. Mtu anaweza kuishi miaka sabini Minnesota, akajenga nyumba, akalea watoto, akafa bila kuambiwa kwamba yeye si mbaya sana.

Tunachofua pale ni tomahoki. Ni shoka dogo, jepesi, la kushika kwa mkono mmoja. Jicho lake ni la mviringo, na mpini huingizwa kutokea juu, kama mpini wa sururu, ukateremka mpaka ukabana wenyewe. Hauna kabari wala msumari. Ukitaka kuutoa, unagonga kitako cha mpini chini mara moja, kichwa kinaachia. Shikeni jambo hilo. Ndilo lililonifikisha hapa.

Wanunuzi wetu ni watu wa ofisini ambao kila kiangazi huvaa ngozi za paa, wakalala kwenye mahema porini, wakajifanya wawindaji wa manyoya wa zamani. Wanafika karakana kwa magari makubwa yenye viti vinavyopasha makalio joto, wanataka shoka la mtu maskini wa karne nyingine, na wanalilipia kwa kadi. Shoka la chuma cha kawaida wanalitazama tu. Shoka lililokuwa mtutu wa bunduki wanalipakata kama mtoto. Kwa hiyo mzee hukusanya bunduki mbovu. Nyingine anapewa na wajane wanaosafisha dari za nyumba zao, nyingine zinaletwa na makanisa yanayokusanya silaha kwa ajili ya amani. Kanisa linaleta bunduki ili isije ikaua mtu. Sisi tunaigeuza kuwa kitu cha kupasulia kichwa, tunamuuzia mtu wa bima, naye anakitundika ukutani juu ya televisheni. Kila mmoja anaondoka ameridhika.

Sasa nimfikie binti. Nilimwona kanisani, na nilimwona kwa muda mrefu sana kabla yeye hajaniona, maana mimi hukaa karibu na mlango. Alikuja Marekani akiwa mdogo. Kiswahili anakielewa chote, hata cha kusemana, lakini anajibu kwa Kiingereza. Mimi Kiingereza nakisikia vizuri, ila kikifika mdomoni kinageuka na kurudi ndani. Basi tunaongea kila mtu lugha yake, kama redio mbili zilizopatana. Yeye anaendesha gari la kubebea wagonjwa. Nilipomwambia nataka kumwoa, alisema ananikubali, lakini akaniuliza, kwa Kiingereza chake, kama nina moyo wa kukutana na Mjomba.

Mjomba ni kaka wa marehemu mama yake, na ndiye aliyemlea, pale Apple Valley. Anafanya kazi kiwandani Plymouth, anakagua vibomba vidogo vinavyowekwa kwenye mioyo ya watu. Yaani analipwa kwa kukataa. Anatembea na lenzi ndogo mfuko wa shati, hata Jumapili, na nimewahi kumwona akiitumia kutazama andazi.

Mahari mengine yote Mjomba aliyalegeza. Jambo moja tu alilikazia. Kwao milimani, kaka wa mama hupewa shoka. Shoka lenyewe lisitoke dukani, lifuliwe na mtu, na chuma chake kisiwe cha kununua.

"Likija shoka la kueleweka, tutakaa tuzungumzie tarehe," alimwambia mshenga wangu. "Lisipokuja, basi, binti bado mdogo."

Binti huyo mdogo wiki hiyohiyo alikuwa amezalisha mama mmoja ndani ya gari, barabarani, kwenye theluji. Na Mjomba mwenyewe sijui shoka angelitumia wapi. Uwanja wake umejaa nyasi za kukata kwa mashine, na moto wa sebuleni kwake ni wa gesi, unawashwa kwa rimoti. Lakini mila haiulizi kama una kuni.

Watu walidhani sharti hilo kwangu ni kitonga, mteremko mtupu. Si mhunzi huyu? Lakini karibu kila kipande pale karakana mzee amekinunua, na vile alivyopewa vilikuwa vimeshaahidiwa watu wa ngozi za paa. Nilikuwa na nyundo, fuawe na tanuri la gesi, nikakosa chuma. Ndipo Anti, mke wa Mjomba, aliponipigia simu.

"Mwanangu, nasikia unatafuta chuma kisichonunuliwa."

"Ndiyo, Anti."

"Kipo. Njoo Jumapili baada ya ibada, Mjomba wako atakuwa anawafundisha vijana mambo ya amani."

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo. Mwaka mmoja kabla, bata mzinga walikuwa wamemaliza mchicha wa Mjomba. Bata mzinga wa huku hawafugwi. Wanatembea mitaani kwa makundi kama wanafunzi waliotoroka shule, na mchicha wa Mwafrika wanaujua kwa harufu. Mjomba akanunua bunduki ya zamani ya kuwindia ndege. Asubuhi moja akafyatua, bata akaruka ukuta, na risasi zikatoboa jiko lake mwenyewe la kuchomea nyama. Jirani akaita polisi. Polisi wakamweleza kwa adabu kwamba mjini hapa watu hawapigani na ndege kwa bunduki. Jumapili iliyofuata Mjomba alisimama kanisani akatoa ushuhuda. Alisema ameipeleka bunduki polisi kwa mikono yake mwenyewe, kwa sababu amani huanza na mtu mmoja. Tulipiga makofi. Mchungaji akamwomba awafundishe vijana kuhusu amani, na mimi nilikuwa mmoja wa vijana hao, nimekaa mstari wa mbele kwa bahati mbaya, viti vya nyuma vilikuwa vimejaa.

Jumapili ile Anti alinifungulia gereji, akasogeza mashine ya kuondolea theluji, akavuta zulia lililoviringishwa. Akalikunjua. Bunduki ikalala pale sakafuni inatuangalia.

"Anti," nikasema, "hii si ile ya Mjomba?"

"Ya Mjomba ipi? Ya Mjomba alishaipeleka polisi. Hukusikia ushuhuda?"

"Nilisikia."

"Ulipiga makofi?"

"Nilipiga."

"Sasa unataka kumwita mzee wako mwongo?"

Anti ana leseni ya kulea watoto wadogo nyumbani, na chumba wanacholala mchana kimepakana na gereji ile. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba tangu agundue kilichomo kwenye zulia, kila mkaguzi akigonga mlango yeye hukimbilia kwanza kufunga mlango wa gereji. "Mimi siwezi kumwambia nimeiona," alisema, "na yeye hawezi kuniuliza imekwenda wapi. Wewe unataka chuma. Chukua, Mungu akubariki, na zulia uniachie."

Nikaichukua. Mzee wa karakana aliikagua kwanza kama haina kitu ndani, kisha akaikata sehemu ya kufyatulia vipande vipande, maana yeye kwa mambo ya sheria ni kama Mjomba na vibomba. Mtutu ukabaki kwangu. Nilipousafisha kwa brashi ya waya nikaona, upande wa chini, mahali palipokuwa pamefunikwa na ubao, herufi mbili zimegongwa kwa alama za chuma, tena zimegongwa kwa nguvu. Nilizitambua papo hapo. Mjomba hugonga herufi hizo kwenye kila kitu chake: ngazi, sepetu, sufuria la kanisani, hata lile jiko lililotobolewa. Hapendi kuazimwa vitu vikapotea.

Nilimwonyesha mzee. Akafurahi, akasema nisiziguse, wanunuzi wanapenda sana alama za zamani. Nikamwambia mnunuzi wa shoka hili hatazipenda. Tatizo ni kwamba nisingeweza kuziondoa. Mtutu wenyewe ulikuwa mwembamba, na herufi ziliangukia hasa pale ambapo pangekuwa jicho la shoka. Kupiga tupa mpaka zipotee ni kutoboa. Kukata kipande kile nikitupe, chuma kisingetosha. Nikajiambia nitalifikiria baadaye. Hiyo ndiyo njia yangu ya kufikiri mambo mengi.

Ufuaji wenyewe ni hivi. Unapasha mtutu moto, unaupondaponda uwe bapa kama mkanda, unaukunja kwenye nondo ya mviringo ili upate jicho, kisha pande mbili unazilaza pamoja, katikati unapachika kipande cha tupa kuukuu kiwe makali, unapasha mpaka chuma kianze kung'aa kama kimelowa, unapiga. Kikishikana, kimeshikana. Lakini kuna jambo nilisahau, na fundi wa mageti nyumbani asingenisamehe. Mtutu ni bomba. Nilisukuma mdomo mmoja kwenye tanuri, nikainama kuchungulia upande wa pili kama una uchafu. Moto ukapita ndani ukatokea usoni kwangu. Bunduki ile, iliyokosa bata mzinga hatua chache, mimi ikanipata. Nyusi ya kushoto ikaenda yote.

Mzee alinitazama, akaniletea kitambaa cha maji baridi. "Ingekuwa mbaya zaidi," akasema. Hiyo nayo ni faraja ya juu kabisa ya huku.

Shoka lilitoka zuri. Nasema mwenyewe kwa sababu hakuna mwingine wa kulisema. Makali yalinyoa nywele za mkono. Nikalitia mpini wa hikori, mti mgumu wa huku, nikaupaka mafuta, kisha nikachukua ukanda wa ngozi, nikauzungusha kuanzia shingo ya mpini, ukapanda, ukapishana juu ya jicho, ukafunika herufi zote mbili kabisa. Nikaongeza shanga chache. Ilionekana ni urembo. Mzee alisema kwamba kwa jinsi lilivyopambwa watu wa ngozi za paa wangepigana. Nililala vizuri usiku huo. Nilidhani nimemaliza.

Mshenga wangu ni Mkenya, nesi katika nyumba ya wazee huko Plymouth, mtu ambaye anaweza kumfanya mgonjwa asiyezungumza azungumze, ilimradi naye apate nafasi. Nilimchagua kwa sababu hiyo. Kwa mila ya kina Mjomba, mwoaji akifika ukweni hafungui mdomo. Anakaa, anaangalia magoti yake, mshenga anasema. Kwa mara ya kwanza maishani niliona mila iliyotungwa kwa ajili yangu.

Aliponipitia kwa gari aliniangalia mara mbili.

"Boss, nyusi ingine iko wapi?"

"Imeungua."

"Imeungua leo ya leo? Sawa. Kaa side view. Ukae hivi, waone ile mzuri. Na hiyo shoka umetoa wapi chuma?"

"Nilipewa."

"Umepewa haina utamu. Wacha mimi nitaongea."

Ningemzuia. Lakini kumzuia kungehitaji maneno mengi, na tulikuwa tumeshafika kwenye barabara ya kuingia Apple Valley.

Sebuleni walikuwa Mjomba na wazee wawili wa kanisa, wale waliokuwa wa kwanza kusimama na kupiga makofi siku ya ushuhuda. Anti alikuwa jikoni. Binti alikuwa juu, haruhusiwi kushuka, lakini simu yangu ilikuwa inatetemeka mfukoni kila baada ya dakika, na najua alikuwa ananiuliza kinachoendelea kana kwamba mimi ningejua.

Mshenga akasimama. Akaweka shoka mezani kwa mikono miwili.

"Wazee wangu," akasema, "hii si shoka ya mchezo. Chuma yake haijanunuliwa mahali. Imetoka kwa babu ya huyu kijana, huko Tanzania. Babu alikuwa mhunzi. Babu alikufa ameishika."

Nikamkanyaga mguu. Akadhani namtia moyo.

"Ikavuka bahari," akaendelea. "Ikaja ikangoja siku ya leo."

Babu yangu alikuwa karani wa posta. Mzee mmoja akainamisha kichwa kwa heshima. Mjomba hakuinamisha. Alichukua shoka, akalipima uzito kwa kiganja, akapitisha ukucha kwenye makali, akatoa lenzi. Alilitazama muda mrefu. Nilihesabu mistari ya zulia, ambalo lilikuwa lilelile la gereji.

"Kazi ni safi," akasema mwishowe, nami nikapumua. Kisha akalirudisha mezani. "Lakini lina mpini."

"Iko na mpini mzuri sana, mzee. Ya hikori."

"Ndicho ninachosema. Lina mpini."

Mzee wa pili akatuonea huruma, akaeleza. Kwao shoka la mjomba huletwa tupu. Shoka lenye mpini limekuja tayari kwa kukata, maana yake waoaji wamekuja kumkata binti atengane na ukoo wake. Shoka tupu mjomba hulitia mpini mwenyewe, kwa mti anaouchagua mwenyewe, na siku mpini unapoingia ndiyo siku tarehe ya harusi inapotajwa.

"Kwa hiyo mlikuja kumkata mtoto wetu?" Mjomba akauliza.

"Hapana, mzee wangu. Tulikuja kumwoa akiwa mzima."

Wazee wakacheka. Mjomba karibu acheke. Mimi nilikuwa nimeshaona kinachokuja, nikawa naomba kimoyomoyo watufukuze. Watuambie turudi mwaka ujao. Lakini mshenga, kwa furaha ya mtu aliyepata upenyo, akanigeukia.

"Si hiyo mpini inatoka? Uliniambia unagonga tu."

Nilikuwa nimemwambia. Garini, kwa majivuno. Siku hiyo nilitamani ningekuwa fundi mbaya.

"Itoe," akasema Mjomba.

Nilianza na ngozi. Niliifungua polepole kuliko ninavyoandika. Shanga moja ikadondoka, nikainama kuitafuta chini ya meza, nikakaa kule chini kadiri adabu ilivyoruhusu. Nilipoibuka Anti alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai, ameona mikono yangu inafanya nini. Hakusogea. Nikamaliza ngozi, nikasimamisha shoka, nikagonga kitako cha mpini mezani mara moja. Kichwa kikaachia kama kilivyotengenezwa kuachia. Kikalala mezani, herufi mbili zinaangalia juu, zimetanuka kidogo kwa nyundo lakini zinasomeka hata bila lenzi.

Mjomba akaziona. Nilijua kwa sababu kidole gumba chake kilitua juu yake upesi, kama mtu anayeua mbu.

"Hapo pana maandishi?" akauliza mzee wa kwanza.

"Alama za kiwanda," akasema Mjomba.

"Kiwanda?" Mshenga akaruka. "Mzee, si nimesema ni ya babu yake?"

"Sasa ni ya kiwanda au ya babu?" akauliza mzee wa pili. Alikuwa mtu wa kupenda mambo yanyooke.

Mjomba akaniangalia mimi, si mshenga, upande ule usio na nyusi.

"Kijana, mila leo tuiweke kando. Sema mwenyewe. Chuma hiki umekipata wapi?"

Gumba lake bado lilikuwa pale. Nilielewa kwamba nikitaja gereji, wazee wale wawili wangejua makofi yao yalikwenda wapi, na mtu aliyeaibishwa sebuleni kwake hatoi binti. Nikishika hadithi ya babu, nitakuwa nimemdanganya mzee pekee pale ndani anayejua kabisa kwamba ni uongo.

"Si cha babu," nikasema. "Sikununua, Mjomba. Nilipewa. Aliyenipa alisema hakihitajiki tena."

"Alikuwa na haki ya kukitoa?"

"Alisema kwamba mwenyewe alikwisha kukitoa zamani."

Sijawahi kusema maneno mengi kiasi hicho mbele ya watu, wala sitegemei kurudia. Mjomba alinyanyua macho, akamtazama mkewe. Anti akamtazama yeye. Walitazamana kama watu waliooana siku nyingi.

"Chai inapoa," akasema Anti.

"Basi kama mwenyewe alikitoa, ni cha halali," akasema mzee wa pili. "Babu au si babu."

Mjomba akachukua kichwa cha shoka, herufi zikiwa ndani ya kiganja, akakitia mfuko wa koti. "Si vibaya sana," akasema. "Nimelipokea. Mpini nitautia mwenyewe."

Anti akapiga vigelegele, nguvu zake zote. Huko juu miguu ikasikika inakimbia. Mshenga aliniambia kwenye gari kwamba yote aliyapanga yeye.

Hiyo ilikuwa masika. Sasa majani yameshaanguka, na shoka halijapata mpini.

Jumamosi jioni, nikitoka Saint Paul, Mjomba huniita gereji. Kichwa cha shoka kimebanwa kwenye jiliwa, juu ya benchi, herufi zimeelekea ukutani. Mara ya kwanza alikuwa amenipa kisogo akinoa kisu.

"Bunduki niliipeleka polisi, unajua," akasema.

"Najua, Mjomba. Nilikuwepo siku ya ushuhuda."

Akanoa. "Polisi wameitunza vizuri."

"Ndiyo, Mjomba."

Hatukulizungumza tena. Tangu hapo tunazungumzia miti. Nimempelekea hikori, akasema mila haikubali mpini ambao mwoaji ameshaugusa. Nimempelekea mti wa ile miti ya barabarani ambayo jiji linaikata kwa sababu mdudu ameila. Akauangalia kwa lenzi, akasema hawezi kufungua ndoa kwa mti uliokufa kwa ugonjwa. Mwaloni ni mzito. Mti wa sharubati, ule wanaochemsha maji yake wakamwagia chapati zao, una sukari, utaita siafu. Hakuna siafu Minnesota. Nilimwambia hivyo kwa upole, akasema, "Bado."

Mchumba wangu anasema, kwa Kiingereza, kwamba Mjomba ananikomoa na ninunue mpini wowote niutie usiku akilala. Anti anasema hapana, Mjomba amefurahi, hajawahi kupata mtu wa kukaa naye gereji bila kuongea. Mimi sijui. Jumamosi iliyopita alinipa kiti changu mwenyewe, na nilipokigeuza nikakuta amegonga herufi chini yake. Ni zake, bado. Lakini bata mzinga walipita mbele ya gereji, kundi zima, wakasimama kututazama, na Mjomba hakunyanyuka. Alitazama kichwa cha shoka, akatazama bata, akasema mpini ukipatikana tutaona.

Kwa hiyo nawaomba nyinyi mnaosoma. Wengine mnatoka milimani, kwenye hizo mila za shoka, na mnajua nisichokijua. Je, mjomba hutia mpini wa mti gani? Na mti huo una ndugu yeyote anayeota kwenye nchi ya baridi? Kama kwenu mjomba alichelewa, alichelewa kiasi gani, na nini kilimfanya aamue? Niandikieni kupitia kwa dada anayechapa haya. Andikeni kwa mwandiko wowote. Siwezi kumcheka mtu. Na mkiweza, andikeni kabla theluji haijawa nyingi, kwa sababu gereji ya Mjomba haina joto, na nyusi yangu ndiyo kwanza imeanza kuota.